Vuli Isiponyesha Wasso: Uamuzi wa Septemba Ndio Unaookoa Ng'ombe wa Januari

Na Mwandishi Wetu

Mfugaji wa Loliondo huugawa mwaka kwa mvua mbili na viangazi viwili. Masika huanza Machi na kumalizika Mei. Baada yake huja kiangazi kirefu, tangu Juni hadi Oktoba. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, kisha hufuata kiangazi kifupi cha Januari na Februari, na masika hurejea. Kwa hiyo vuli, ingawa ni mvua ndogo, ndiyo daraja la mwaka mzima. Daraja hilo likivunjika, viangazi viwili huungana na kuwa kimoja. Ng'ombe aliyeshiba majani mabichi mwezi Mei hutakiwa avumilie hadi Machi au Aprili ya mwaka unaofuata. Hiyo ni miezi 10, na ng'ombe wengi hawaimalizi.

Wasso ni mji mdogo katika nyanda za juu za Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, jirani na mpaka wa Kenya. Una hospitali iliyoanzishwa na misheni ya Kikatoliki, una mnada, una maduka ya nafaka, na siku hizi una barabara ya lami ya kilometa 49 inayouunganisha na Sale. Upande wa magharibi ni Serengeti. Upande wa mashariki ardhi huteremka hadi bonde la Ziwa Natron na mlima Oldoinyo Lengai. Wakazi wake wengi ni Wamasai wafugaji, na majirani zao ni Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, watu wa kilimo cha mifereji.

Huenda msomaji wa Dar es Salaam au Tanga akadhani kwamba habari za Wasso ni za mbali. Sivyo. Mwezi Oktoba 2022, vuli ilipochelewa, Dar es Salaam ilianza mgawo wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua, na mwezi uliofuata mgawo wa umeme ukafuata kwa sababu hiyo hiyo ya upungufu wa maji. Vijana wengi wa Kimasai wanaolinda mageti ya mijini usiku ni watoto wa maboma yaliyopungukiwa na ng'ombe. Ukame wa Loliondo unalala mlangoni petu.

MVUA TATU MBAYA MFULULIZO

Ukame si jambo geni katika nchi hii. Wamasai huiita miaka ya 1890 Emutai, yaani maangamizi. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na njaa ikafuata. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann alipofika Ngorongoro aliwakuta watu waliokuwa mifupa na ngozi. Wazee wanaukumbuka ukame wa 1961. Wenye umri wa kati wanaikumbuka 1974, mwaka ambao Taifa zima lililazimika kununua nafaka nje na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikaanzishwa. Ukame wa 2008 na 2009 uliua mifugo mingi mno katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, hata Serikali ikagawa ng'ombe wa mbegu kwa kaya zilizobaki mikono mitupu.

La karibuni zaidi ni lile la 2020 hadi mwanzoni mwa 2023. Katika Pembe ya Afrika, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40. Nchini Kenya peke yake ilihesabiwa mifugo zaidi ya milioni 2 iliyokufa. Tanzania ilikuwa pembezoni mwa janga hilo, lakini haikuepuka. Vuli ya 2021 ilikuwa haba kaskazini mwa nchi, na ilipofika Januari 2022 habari za mizoga ya ng'ombe zilikuwa zikitoka Simanjiro na wilaya jirani za ufugaji.

La kuzingatia hapa ni tarehe. Mizoga ilionekana Januari. Lakini taarifa kwamba vuli hiyo ingekuwa chini ya wastani hadi wastani ilikuwa imetolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania tangu mwanzoni mwa Septemba 2021. Kati ya taarifa na mizoga ilikuwepo miezi minne. Makala haya yanaihusu miezi minne hiyo.

BAHARI NDIYO YENYE HABARI

Wazee wa Pwani walikuwa na kanuni yao ya nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wamasai nao wanazifuata nyota hizo hizo za kilimia katika kuhesabu majira. Elimu hiyo ni ya kweli, ila ina mpaka wake. Nyota humwambia mtu ni lini mvua hustahili kuja. Hazimwambii itakuja kiasi gani.

Kiasi cha vuli kinajulikana zaidi baharini. Mwaka 1999 wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Japani walieleza kwamba Bahari ya Hindi ina tabia ya kuyumba kama mizani. Kuna miaka ambapo maji ya upande wetu, karibu na pwani ya Afrika Mashariki, huwa na joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia huwa baridi. Hapo hewa yenye unyevu hupanda upande wetu, mawingu hujengeka, na vuli huwa kubwa. Kuna miaka ambapo mizani hugeuka: joto huenda Indonesia, unyevu hufuata huko, nasi hubaki na upepo mkavu.

Bahari ya Pasifiki nayo huchangia. Maji ya katikati yake yakipata joto, hali inayoitwa El Niño, vuli yetu aghalabu huongezeka. Yakipoa, hali inayoitwa La Niña, vuli aghalabu hupungua. Mwaka 2022 mambo yote mawili yalitukabili kwa pamoja: La Niña ilikuwa katika mwaka wake wa tatu, na mizani ya Bahari ya Hindi ilikuwa imelemea Indonesia. Mwaka 2023 mambo yakageuka kabisa. El Niño ilikuja pamoja na joto la upande wetu wa bahari, mvua zikafurika, na tarehe 3 Desemba maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 huko Katesh. Mfugaji aliyekuwa akiomba mvua mwaka mmoja alikuwa akikimbia maji mwaka uliofuata.

Bahari hupata joto na kupoa polepole. Kwa sababu hiyo wataalamu huweza kuona mwelekeo wa vuli miezi miwili au mitatu mbele. Kila mwaka, mwezi Agosti, wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za ukanda huu hukutana chini ya kituo cha ICPAC, chenye makao yake karibu na Nairobi, na kutoa mwelekeo wa pamoja. Mamlaka yetu hutoa wa kwake kwa kila kanda ya nchi mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba.

"ASILIMIA 50" MAANA YAKE NINI?

Hapa ndipo wananchi wengi hupotea. Utabiri wa msimu hausemi kwamba mvua haitanyesha. Wataalamu huigawa miaka iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: miaka ya mvua nyingi, ya wastani, na ya mvua haba. Kama hakuna habari yoyote, kila fungu lina nafasi 33 katika 100. Bahari ikionyesha dalili ya ukavu, wataalamu wanaweza kusema, kwa mfano, kwamba fungu la mvua haba lina nafasi 50, la wastani 30, na la mvua nyingi 20.

Mfugaji anayesikia redioni kwamba "mvua zitakuwa chini ya wastani", kisha akaona mvua nzuri, husema wataalamu wamemdanganya, na mwaka unaofuata hazimi redio tu, bali na masikio pia. Kumbe zile nafasi 20 zilikuwepo tangu mwanzo. Mwenye duka mjini akiambiwa kwamba kuna nafasi 50 katika 100 za duka kuvunjwa msimu huu, hatauliza kama jambo hilo ni la hakika. Atanunua kufuli. Utabiri haumtaki mtu aamini. Unamtaka anunue kufuli kwa bei anayoimudu.

Ni jambo jema kwamba redio za jamii, ikiwemo Loliondo FM, na simu za mkononi zimefika mahali ambapo zamani habari ilitegemea mpita njia. Lakini habari iliyotangazwa kwa lugha ya kitaalamu bado haijafika. Itakuwa imefika pale itakapoeleza, kata kwa kata, majani yatakwisha lini na kisima gani kitakauka kwanza. Majirani zetu wa Kenya wamepiga hatua katika jambo hili: tangu 2011 wanayo mamlaka maalumu ya ukame, ambayo kila mwezi hutoa taarifa kwa kila kaunti kame, ikieleza kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Taarifa ya namna hiyo inafaa iwepo na upande wetu wa mpaka, kwa sababu majani hayasomi ramani.

HESABU YA NYUMBANI

Tufanye hesabu ndogo, na tarakimu zake ziwe za mfano tu. Familia ina ng'ombe 20. Mwezi Septemba, maksai mmoja mwenye mwili akiuzwa mnadani hununua magunia 6 ya mahindi. Familia ikisubiri hadi Januari, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Ng'ombe amekonda, na wauzaji wamejaa mnadani, hivyo bei yake imeanguka. Mahindi nayo yamepanda, kwa sababu ukame ule ule umeharibu mashamba ya Karatu na Mbulu yanayoilisha Loliondo. Sasa ng'ombe mmoja hununua magunia 2.

Familia iliyohitaji magunia 6 imetoa ng'ombe 3 badala ya 1. Na katika muda wa kusubiri, wengine kadhaa wamekufa bila kununua hata debe moja. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba yenye miguu minne huoza kwa miezi mitatu.

Hasara haiishii hapo. Ng'ombe aliyedhoofika hashiki mimba. Mvua ikirejea Aprili, humchukua miezi kadhaa kupata mwili, kisha hubeba mimba kwa miezi 9. Kwa hiyo vuli moja iliyokosekana inaweza kuiacha familia bila maziwa ya kutosha kwa mwaka mmoja na zaidi baada ya mvua kurudi. Wakati gazeti limekwisha kuandika kwamba ukame umekwisha, mtoto wa boma bado anakunywa uji mkavu. Mbuzi ndiye anayerudi haraka, kwani huzaa baada ya miezi 5 na hula majani ya vichaka ambavyo ng'ombe hawezi kuvifikia. Familia nyingi zilizosimama tena baada ya ukame zilisimama kwa mgongo wa mbuzi.

KWA NINI HAWAUZI MAPEMA?

Kwa miaka mingi watu wa mijini wamekuwa na jibu jepesi: mfugaji anapenda wingi wa mifugo, hana elimu. Jibu hilo si la haki, tena si la kweli. Mwenye ng'ombe 50 akipoteza 35 hubaki na 15, na anaweza kuanza upya. Mwenye 10 akipoteza 7 hubaki na 3, na huyo ndiye anayepanda basi kuja kutafuta kazi ya ulinzi. Kundi kubwa ndiyo bima yake.

Tena ng'ombe si mali ya mtu mmoja. Huyu ni wa mahari iliyoahidiwa, yule amekopeshwa na rafiki wa koo nyingine, na yule mwingine maziwa yake ni ya mke wa pili na wanawe. Kumwuza ni kuvunja ahadi za watu watatu. Na fedha nazo zina miguu: maksai aliyegeuzwa noti mwezi Septemba huweza kuwa amekwisha ifikapo Novemba kwa madeni, michango na safari.

Kwa hiyo shauri la "punguzeni mifugo", ambalo limehubiriwa tangu enzi za Mwingereza, halijawahi kufika mbali. Shauri linaloweza kusikika ni dogo na ni la wakati: kabla ya vuli yenye dalili mbaya, wauzwe maksai na ng'ombe tasa wachache wangali na mwili, na fedha zao zigeuzwe mahindi siku hiyo hiyo ya mnada, si kesho yake. Mitamba na majike yenye uwezo wa kuzaa wabaki kuwa mbegu. Mahindi yakihifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa hayaliwi na wadudu, na hayahitaji malisho.

MAJANI YA AKIBA

Wamasai walikuwa na hifadhi yao kabla ya neno hilo kuandikwa katika sheria. Kila boma hutenga olopololi, eneo la majani yanayotunzwa karibu na nyumbani kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Kundi kubwa hupelekwa mbali na vijana, ambao hujenga ronjo, yaani kambi ya muda, na kuhama kufuata mvua.

Lakini njia za kuhama si nyingi kama zinavyoonekana ramani ikiwa ukutani. Katika miezi ya Januari hadi Machi, nyumbu zaidi ya milioni moja wa Serengeti huzaa katika mbuga za majani mafupi, na ndama wao huambukiza ng'ombe ugonjwa usio na tiba. Mfugaji hulazimika kuwakwepa, hata kama majani mazuri yako huko. Akipanda milimani kwenye baridi na msitu, hukutana na kupe na ndigana kali. Akienda bondeni kuelekea Natron, maji ni ya magadi na majani ni haba.

Mwaka 2022 Serikali ilitenga kilometa za mraba 1,500 za Loliondo, upande unaopakana na Serengeti, ziwe eneo la uhifadhi kwa jina la Pololeti. Ilieleza kwamba nia ni kulinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyamapori. Wafugaji walieleza kwamba hayo ndiyo malisho yao ya kiangazi, na mashauri yakafika mahakamani. Ukurasa huu wa familia si mahakama. Hata hivyo jambo moja lapaswa kusemwa waziwazi: mpango wowote wa ardhi unaopimwa katika mwaka wa mvua nzuri haujapimwa. Swali la kuuliza ni ng'ombe watakwenda wapi katika mwezi wa tisa bila mvua, na jibu linatakiwa liwepo kabla ya mwezi huo kufika.

Wabatemi wa Samunge na Digodigo wana somo la kutufunza. Msomaji atalikumbuka jina la Samunge kwa umati uliokwenda huko mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa. Lakini kwa vizazi vingi kabla ya hapo watu wa huko wamekuwa wakigawana maji ya chemchemi kwa mifereji, chini ya baraza la wazee ambalo hupanga zamu ya kila shamba na kuwatoza faini wanaoiba maji. Misitu inayozunguka chemchemi huheshimiwa. Nguvu ya utaratibu huo ni kwamba zamu imepangwa kabla ya kiu. Maji yakipungua, hakuna anayeanza kuuliza nani ana haki.

MAMA NA KIBUYU

Ukame huanza kuonekana kwa mama kabla haujaonekana mnadani. Yeye ndiye anayekamua, na ndiye wa kwanza kujua kwamba kibuyu kilichojaa Julai kimefika nusu mwezi Septemba. Safari ya maji iliyokuwa ya saa moja huwa ya saa tatu. Binti huachishwa shule kwa siku mbili katika juma amsaidie mama, kisha siku tatu, kisha harudi.

Hata hivyo uamuzi wa kuuza ng'ombe aghalabu hufanywa na wanaume peke yao chini ya mti. Hapa kuna upotevu wa habari ambao hakuna satelaiti inayoweza kuuziba. Baraza la familia linalosikiliza utabiri wa redio na kisha likamwuliza mama kibuyu kinasemaje, litakuwa na vipimo viwili badala ya kimoja.

LA KUFANYA

Hali ya mbele haitupi ruhusa ya kulala. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 kuhusu ule ukame wa Pembe ya Afrika ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kumeuzidisha ukali wake, kwa sababu joto hukausha haraka hata maji kidogo yanayonyesha. Vuli kubwa kama ya 2023 zitakuja, na vuli kavu zitakuja pia.

Yapo ya Serikali na ya Halmashauri: taarifa ya ukame ya kila mwezi kwa lugha ya wafugaji, nafaka ya akiba kufika Wasso mwezi Oktoba badala ya Februari, chanjo kabla mifugo haijadhoofika, na bima ya mifugo kama ile iliyoanza kujaribiwa Marsabit, Kenya, mwaka 2010, ambapo satelaiti hupima ukijani wa malisho ili mfugaji alipwe.

Na yapo ya kwetu tulio mijini. Wapo wasomaji wengi wenye baba, shangazi au shemeji Loliondo, Longido au Simanjiro. Desturi yetu ni kutuma fedha wakati kilio kimekwisha kufika, mwezi Januari, zinunue magunia 2 pale ambapo zingenunua 6. Mwaka huu na kila mwaka, taarifa ya vuli itakapotolewa, ndugu msomaji apige simu nyumbani juma hilo hilo. Amsalimu mzee kwa heshima yake, amweleze alichosikia bila kumwamuru, amwulize hali ya majani na visima, kisha amwulize mama hali ya maziwa. Kama ana cha kutuma, akitume siku hiyo, kinunue mahindi.

Mvua hatuwezi kuinyeshesha. Lakini mnada wa Septemba uko mikononi mwetu, nao hufungwa mapema kuliko tunavyodhani.